Kwa vijana wafanyabiashara mnaochukua fomu: kaeni kwanza na habari za Seneta Sprague

Wanangu,

Nawasalimu kwa heshima. Nawaandikia ninyi wenye viwanda, maghala, malori na maduka ya jumla, ambao mmeanza kuambiwa na watu kwamba jimbo linawahitaji. Baadhi yenu mmekuja nyumbani kwangu mmoja mmoja, tena usiku, kuomba ushauri. Nimeona heri niwajibu wote kwa pamoja na kweupe, maana swali lenu ni lile lile: mtu aliyejenga biashara akiingia kwenye uongozi, biashara itabaki salama, na uongozi wenyewe utakuwa wa haki?

Nimeshika vitabu vya hesabu vya kiwanda cha nguo tangu ujana wangu hadi nilipostaafu. Sitawazuia kugombea. Bunge linahitaji watu wanaojua bili ya umeme ya kiwanda inafananaje, na maana ya kutafuta mishahara ya watu mia tatu ilhali mteja mkubwa hajalipa. Ninachowaomba ni kumtazama mtu mmoja kwa makini kabla hamjarudisha fomu. Mtu huyo ni William Sprague wa jimbo la Rhode Island, kule Marekani. Alikuwa na viwanda vya nguo, akawa gavana akiwa na umri wa miaka 29, akawa seneta kwa miaka 12, na kampuni ya ukoo wake ikaanguka yeye akiwa bado amekalia kiti. Nimemchagua kwa sababu hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa mtu wa aina yenu kabisa, na ndiyo maana inafaa mumsome.

Rhode Island ndilo jimbo dogo kuliko yote Marekani, lakini lina mito yenye maporomoko, na enzi hizo maji ndiyo yaliyoendesha mashine. Mji wa Pawtucket ndiko Samuel Slater, kijana aliyetoka Uingereza na ujuzi wa mitambo kichwani, alikofanikiwa kusokota pamba kwa nguvu ya maji mwaka 1790. Babu yake Sprague, naye akiitwa William, alikuwa na kinu cha nafaka huko Cranston, akakigeuza kuwa kiwanda cha pamba mwanzoni mwa karne ya 19. Katika miaka ya 1820 akaanza kuchapa chiti, na hapo ndipo utajiri wa ukoo ulipoanzia. Kitambaa cheupe bei yake inajulikana sokoni, huwezi kuipandisha utakavyo. Kikishapita kwenye rola za shaba zilizochongwa maua na mistari, rangi moja baada ya nyingine, kila rola ikigonga mahali pake bila kuhama hata upana wa unywele, kinakuwa bidhaa nyingine. Waliofanya kazi kwenye uchapaji wa khanga wananielewa: rangi ya pili ikihama kidogo tu, ua linaonekana na kivuli, na jora zima linauzwa kwa bei ya kutupa. Kazi hiyo inataka mwenyewe awepo. Akina Sprague walikuwepo, kwa vizazi viwili.

Mzee huyo alipofariki mwaka 1836 aliacha wana wawili waliogawana majukumu, na kampuni ikajulikana kwa herufi za majina yao, A. & W. Sprague. Amasa, mkubwa, alikaa kiwandani. William, mdogo, alikwenda kwenye siasa: akawa gavana mwaka 1838, na mwaka 1842 akaingia Seneti. Angalieni mgawanyo huo. Mmoja alikuwa Washington, na mwingine alikuwa kwenye mashine.

Tarehe 31 Desemba 1843, siku ya mwisho ya mwaka, Amasa alitoka nyumbani kwake Cranston kwenda kuangalia shamba lake. Alipigwa njiani hadi akafa. Saa yake ya dhahabu na fedha zake vilikutwa mfukoni, kwa hiyo watu wakasema aliyemuua alikuwa na kisasi naye, hakuwa mnyang'anyi. Macho yote yakageukia familia ya Gordon, wahamiaji kutoka Ireland. Nicholas Gordon alikuwa na duka karibu na kiwanda, akiuza na pombe, na Amasa alikuwa ametumia ushawishi wake kumnyima leseni kwa sababu wafanyakazi walikuwa wakilewa. Ndugu yake, John Gordon, akashtakiwa kwa ushahidi wa kuunganishaunganisha, katika mji ambao chuki dhidi ya Waireland Wakatoliki ilikuwa wazi. Alinyongwa tarehe 14 Februari 1845. Jambo hilo liliwaelemea watu wa Rhode Island hata mwaka 1852 jimbo likafuta adhabu ya kifo, na John Gordon akabaki mtu wa mwisho kunyongwa pale. Juni 2011, Gavana Lincoln Chafee alitia saini msamaha wake.

Nakaa kwenye habari hii kwa sababu wengi wenu mnadhani mamlaka mtaanza kuwa nayo siku mtakapoapishwa. Mnayo tayari. Mwenye kiwanda ndiye aliyeamua nani auze nini jirani na geti lake, na alipokufa, uzito wa jina lake uliingia mahakamani pamoja na mashahidi. Mtu mwenye mishahara ya kijiji kizima mkononi akisema neno dogo, mwenyekiti wa mtaa analisikia kama amri, na askari vilevile. Basi kabla hamjaomba mamlaka ya pili, jichunguzeni mnavyoitumia hii ya kwanza. Je, mama lishe aliye nje ya ukuta wako anaweza kukupinga na bado akaamka kesho meza yake ikiwa mahali pake?

Sasa sikilizeni alichofanya yule mdogo mtu, William aliyekuwa seneta. Mwezi Januari 1844, wiki chache baada ya mazishi, alijiuzulu Seneti akarudi Rhode Island kushika kampuni. Kiti cha Seneti ya Marekani, wanangu, kiti ambacho watu wanakitafuta maisha yao yote! Aliona kwamba aliyekuwa akisimama kwenye mashine hayupo tena, na hawezi kuwa sehemu mbili. Hadi alipofariki mwaka 1856 alikuza biashara hiyo, akiongeza viwanda Rhode Island na hata jimbo jirani la Connecticut. Sina mengi ya kumsifia mzee huyo kuhusu mambo mengine, lakini uamuzi ule ulikuwa wa mtu aliyejua hesabu zake.

William ninayewaandikia habari zake ni mtoto wa Amasa aliyeuawa. Alizaliwa mwaka 1830, alikuwa na miaka 13 baba yake alipokufa. Baba yake mdogo hakumlea kwenye mto laini. Alimwanzisha kwenye duka la kiwanda, kisha akampeleka ofisi ya hesabu ya Providence, mji mkubwa wa jimbo hilo, akajifunza kazi toka chini. Moyo wangu unampenda hapo, sikatai. Alipofika miaka 26, baba mdogo akafariki, na usimamizi ukaangukia kwake pamoja na kaka yake Amasa na binamu yao Byron.

Miaka minne tu baadaye alikuwa gavana. Mwaka 1860 chama cha Republican huko kilimsimamisha Seth Padelford, mtu aliyepinga utumwa waziwazi. Wenye viwanda wengi hawakumtaka. Pamba yao ilitoka Kusini, ililimwa na kuchumwa na watumwa, na mteja wao mkubwa nao ni Kusini. Wahafidhina wa Republican wakaungana na Democrat wakamsimamisha kijana Sprague, tajiri, mwenye sura nzuri, asiye na historia ya kumkera mtu. Fedha nyingi zilitumika, na watu wa wakati wake hawakuficha kulisema hilo. Akashinda.

Hapo nawaomba mjiulize swali ambalo nadhani yeye hakujiuliza: waliokuja kumchukua walimtakia nini? Walihitaji mtu wa kumzuia Padelford. Wanaokuja ofisini kwenu na kalamu ya fomu wakisema watu wanakutaka, nao wana mtu wanayetaka kumzuia. Ulizeni ni nani, na amewakosea nini.

Nampa haki yake kwa kilichofuata. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini dhidi ya Kusini, vilipoanza Aprili 1861, Sprague alikuwa miongoni mwa magavana wa kwanza kumpa Rais Lincoln askari, na hakubaki nyuma kwenye baraza la gavana. Alikwenda mwenyewe na kikosi cha Rhode Island kilichoongozwa na Kanali Ambrose Burnside, na kwenye mapigano ya Bull Run, tarehe 21 Julai 1861, farasi wake alipigwa risasi naye akiwa juu yake. Watu wa jimbo lake walimpenda kwa haki. Machi 1863 akaacha ugavana akaingia Seneti.

Jueni pia kwamba enzi hizo maseneta hawakuchaguliwa na wananchi. Walichaguliwa na wabunge wa jimbo, na hali ilibaki hivyo hadi katiba ilipobadilishwa mwaka 1913. Mgombea alihitaji kuwaridhisha watu wachache ndani ya chumba. Nanyi mnaojiandaa kwa kura za maoni mnajua maana ya kuridhisha wajumbe wachache ndani ya ukumbi. Tena Rhode Island ilikuwa na sheria nyingine ngumu: mhamiaji, hata akiwa amepata uraia, hakuweza kupiga kura mpaka awe na ardhi au nyumba yenye thamani ya dola 134. Sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 1888. Waireland waliosimama kwenye mashine za Sprague kutwa nzima, wengi wao hawakuwa na ardhi hata ya kaburi. Walimtengenezea utajiri uliompeleka Seneti, na hawakuwa na njia ya kumwondoa. Mtu anayepata kiti kwa namna hiyo hana anayemuuliza swali jimboni, na kwenye kampuni pia hakuwa na anayemuuliza. Nadhani maangamizi yake yalianzia hapo, miaka kumi kabla hayajaonekana.

Kuna suala la pamba. Vita ilifunga bandari za Kusini, na viwanda vya Kaskazini vikakosa malighafi. Hata pwani yetu ilionja: merikani, kitambaa cha pamba cha Marekani, iliyokuwa ikiletwa Unguja na meli za bandari ya Salem tangu enzi za Sayyid Said iliadimika, na nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi yake sokoni. Kwa Sprague, kila wiki mashine ikisimama ilikuwa hasara. Ndipo akatokea Harris Hoyt, mtu wa Texas, jimbo lililokuwa upande wa Kusini, akiwa na mpango wa kupeleka bidhaa Texas na kutoa pamba. Hoyt aliomba kibali Washington, hakukipata. Watu wa karibu na kampuni wakaweka fedha zao hata hivyo, na bidhaa zilizopelekwa zilikuwemo silaha, wakati vijana wa Rhode Island wakiuawa na silaha za upande huo. Mpango ulipofichuka mwishoni mwa mwaka 1864, Hoyt alitaja majina, likiwemo la seneta. Sprague hakufikishwa mahakamani, na uchunguzi wa Seneti mwaka 1870 haukumpata na hatia. Siwaambii kwamba alikuwa msaliti, kwa sababu hilo halikuthibitishwa. Nawaambia kwamba alikuwa seneta wa nchi iliyo vitani na wakati huohuo mwenye viwanda vyenye njaa ya pamba ya adui, na hakuwahi kuacha kimojawapo. Mtu akijiweka hapo, hata akiwa mwadilifu, kila anayemtazama ana haki ya kumshuku.

Na ndani ya Seneti aliongoza kamati ya viwanda. Leo mtu angeliona hilo kosa mara moja. Ninyi mkipata ubunge, mtapangiwa kamati, na mtavutwa kwenda kwenye ile inayogusa biashara yenu, kwa hoja kwamba mnaijua. Ijueni kweli, toeni ushahidi mbele yake kama wadau, semeni yote. Lakini msikae mezani inapopigwa kura ya ushuru wa bidhaa mnazoziuza.

Ndoa yake nitaipitia haraka, kwa sababu imeandikwa mno na watu wanaopenda udaku. Tarehe 12 Novemba 1863 alimuoa Kate Chase, binti wa Waziri wa Fedha Salmon Chase, harusi ambayo Rais Lincoln alihudhuria. Baba mkwe alikuwa na hamu ya urais, na mkwe alikuwa na fedha. Kila mtu Washington aliona hesabu hiyo. Walijenga jumba kubwa Narragansett lenye vyumba zaidi ya 60, wakaliita Canonchet. Ndoa ilijaa pombe, wivu na matusi, ikavunjwa mwaka 1882. Kate alikufa maskini mwaka 1899, na mtoto wao wa kiume alijiua mwaka 1890. Ninyi mlio na wake na waume: msimwoze mtu kwa ajili ya kampeni, na msiitumie nyumba kuwa ofisi ya siasa. Watoto hawakuchukua fomu.

Nirudi Seneti. Kwa miaka sita Sprague hakusema mengi. Kisha mwezi Machi na Aprili 1869 akasimama akatoa hotuba mfululizo zilizowashangaza watu. Alisema mali inakusanyika mikononi mwa wachache, wanasheria wameshika Bunge, na mfumo wa fedha unamnyonga anayezalisha na kumnenepesha anayekopesha. Akawashambulia pia matajiri wenzake wa Providence. Mengi aliyoyasema yalikuwa na ukweli, na nayasoma kwa huzuni, kwa sababu ukweli huo haukufika popote. Wengine walimwona amelewa, wengine wakasema anapigana na washindani wake wa biashara kwa kutumia kiti cha umma. Na wale aliowashambulia walikuwa na sauti kubwa kwenye mabenki ambayo kampuni yake ilihitaji mikopo yao. Mwanasiasa mwingine angeweza kuyasema hayo yote na kulala usingizi. Yeye alikuwa na hati za madeni zilizokuwa zikizunguka mjini, kila moja na tarehe yake ya kuiva. Mkitaka kuwatetea wanyonge dhidi ya wakopeshaji, jambo jema sana, hakikisheni kwanza wakopeshaji hao hawajashika hati zenu.

Sasa niwaonyeshe hesabu, kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Wakati seneta yuko Washington, kampuni nyumbani iliendelea kununua. Viwanda vya kusokota na kufuma Rhode Island, Connecticut na Maine. Mashamba ya miti Maine. Reli ya magari ya farasi mjini Providence. Kiwanda cha viatu vya farasi. Hisa za mabenki. Kaka yake Amasa, aliyependa sana farasi, akajenga uwanja wa mashindano. Walifika hadi South Carolina kununua haki ya maji ya mto. Sasa ulizeni mlolongo huo ulilipiwa na nini. Faida ya chiti ilikuwepo, lakini haikutosha, kwa hiyo walikopa kwa hati za muda mfupi, hati za miezi michache, wakinunulia mali ambayo ingerudisha fedha baada ya miaka mingi. Hati ikiiva, unaandika nyingine kuilipa ile ya kwanza. Mchezo huo unaenda vizuri sana siku zote ambazo benki zina imani nawe. Nimewaona wafanyabiashara wa hapa kwetu wakifanya hivyohivyo: mkopo wa mwaka mmoja wa kununulia pamba unajenga hoteli.

Tarehe 18 Septemba 1873 benki ya Jay Cooke ilifunga milango yake, na nchi nzima ikaingia kwenye mtikisiko wa fedha. Hakuna aliyetaka tena kubadilisha hati ya zamani kwa mpya. Kwa hesabu za wakati huo, A. & W. Sprague ilikuwa na mali ya karibu dola milioni 19 na madeni ya karibu milioni 11. Someni tarakimu hizo tena polepole. Kwenye karatasi walikuwa matajiri kuliko madeni yao, kwa mamilioni. Lakini huwezi kumlipa mtu anayedai leo kwa msitu wa Maine na nusu ya reli. Mwezi Novemba mali zote zikakabidhiwa msimamizi, Zechariah Chafee, na wadai wakapewa hati za miaka mitatu. Miaka ilipokwisha fedha hazikuwepo. Ukafuata mnada baada ya mnada na kesi baada ya kesi, mwaka hata mwaka.

Kampuni ilikuwa imeajiri watu zaidi ya 10,000. Vijiji vizima vilijengwa kuzunguka viwanda hivyo: nyumba ni za kampuni, duka ni la kampuni. Kiwanda kikisimama, mfanyakazi anapoteza mshahara, nyumba na mkopo wa unga siku moja. Wanahistoria wameandika kurasa nyingi kuhusu taji la almasi la Kate, na kuhusu watu hao elfu kumi wameandika kidogo sana. Mimi ndio ninaowafikiria nikisoma habari hizi, kwa sababu nimewahi kuwa upande wa dirisha la kulipia mishahara siku ambayo hakuna mshahara. Mtu mzima anakuja, anasimama, haulizi kitu. Anataka tu umwangalie machoni ndipo aondoke.

Nani angemkataza Sprague? Kaka yake alitia saini pamoja naye. Binamu alishajitoa kwenye kampuni. Baba mkwe alikuwa na makuu yake. Karani wa ofisi ya Providence hawezi kumwambia seneta kwamba hati hii isiandikwe. Baba yake mdogo angeweza, lakini alikuwa kaburini tangu 1856. Hilo ndilo ninalotaka mlichukue kwenye barua hii. Tatizo la Sprague halikuwa siasa peke yake, maana baba mdogo naye alikuwa mwanasiasa. Tatizo ni kwamba alishika vyote viwili, kiti na ufunguo, na hakumwacha mtu yeyote, huku wala kule, mwenye uwezo wa kumwambia hapana na neno likasimama.

Muda wake wa Seneti uliisha Machi 1875, na aliyekalia kiti chake alikuwa Burnside, yule yule kanali wa kikosi chake cha Bull Run. Mwaka 1883 aligombea tena ugavana, akashindwa na Augustus Bourn. Jumba la Canonchet lilipouzwa alikataa kutoka, akalilinda kwa bunduki. Likaja kuteketea kwa moto mwaka 1909. Alihamia Paris, na Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza alifungua makazi yake kwa askari majeruhi. Alifariki huko Septemba 1915, ikibaki siku moja atimize miaka 85. Ule wema wa mwisho nauhesabu. Mtu aliyeanguka kiasi hicho angeweza kujifungia na uchungu wake.

Kiwanda cha kuchapa cha Cranston, pale ukoo ulipoanzia, kilinunuliwa mwaka 1888 na ndugu wawili, Benjamin na Robert Knight. Robert alikuwa amefanya kazi ndani ya kiwanda hichohicho akiwa mtoto mdogo. Hawa Knight ndio waliokuwa wenye chapa ya Fruit of the Loom, iliyosajiliwa mwaka 1871, ambayo hadi leo mnaikuta kwenye shingo za fulana za mitumba Karume na Gikomba. Wao walikaa na nguo.

Sasa nifike kwenu. Anayetaka kugombea, na achague mapema kama baba mdogo wa Sprague alivyochagua, lakini kabla ya msiba. Ukiamua uongozi, kabidhi kampuni kwa bodi yenye watu wasiokula kwako. Ndugu yako awe mmoja wao kama anafaa, asiwe wote. Mpe mkurugenzi mamlaka ya maandishi ya kukataa mkopo unaoutaka wewe, na umwambie mbele ya benki, ili benki ijue saini yako peke yake haitoshi tena. Ondoa jina lako kwenye dhamana za watu wengine, maana mkishaitwa waheshimiwa mtaombwa kudhamini mpaka mkwe wa diwani.

Fedha za kampeni zisitoke kwenye akaunti ya mishahara hata kwa siku mbili. Najua mnavyosema: nitarudisha Jumatatu. Kama huna fedha zako binafsi za kugombea, bado hujawa tayari kugombea, subiri miaka mitano.

Msiwavalishe wafanyakazi fulana zenye picha yenu. Anayekula mshahara wako hana njia ya kuikataa fulana hiyo, na kura aliyopigiwa mtu kwa namna hiyo haikuambii kama unapendwa. Mwacheni akapige kura yake kwa siri, na ikibidi ampigie mpinzani wako, Jumatatu arudi kwenye mashine yake bila woga. Mkiweza kulivumilia hilo, mimi mwenyewe nitawapigia debe.

Na madeni: kabla ya kurudisha fomu, chukueni karatasi moja. Upande mmoja andikeni kila deni na tarehe yake ya kuiva, upande wa pili kila mali na muda utakaohitajika kuiuza kwa bei ya haki, si bei mliyonunulia. Kama madeni ya miezi sita yanalipwa na mali ya miaka sita, fomu hiyo irudi droo.

Wanaotaka tuzungumze zaidi, nipo nyumbani Jumamosi asubuhi. Njooni mchana kweupe, na karatasi hiyo mkononi, na mje na mhasibu wenu. Meneja wa kampeni abaki ofisini kwake.

Mzee wenu,
mhasibu mstaafu wa kiwanda cha nguo, Morogoro